Kovu la Onesimus

Neno chanjo limezaliwa na wembe. Kuchanja ni kukata ngozi, kama mganga anavyochanja chale na kupaka dawa, na sindano ya zahanati ikarithi jina. Lakini aliyechanjwa na mganga alimjua mganga. Kwa hiyo msichana wa Kidato cha Pili anapouliza katika somo la Biolojia, "Mwalimu, nani kaileta hii chanjo ya HPV, na kwa nini wasichana tu?", hajatoka nje ya mada. Tanzania ilipoanza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima dhidi ya HPV, virusi vya saratani ya mlango wa kizazi, mwaka 2018, uvumi wa ugumba ulikuwa umetangulia. Kenya, mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki walidai chanjo ya pepopunda ina homoni ya kuzuia uzazi. Serikali na WHO zikakanusha. Na swali la wasichana tu lina uzito wake: Uingereza iliwaongeza wavulana mwaka 2019.

Wengine husema kumtafuta mtu wa kumwamini ni desturi yetu, na kuhesabu ni ya Wazungu. Sikubali. Boston, Onesimus, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa mchungaji Cotton Mather, alimsimulia bwana wake jinsi alivyochanjwa kwao dhidi ya ndui, akamwonyesha kovu mkononi. Ushahidi wa kwanza ulikuwa mtu na mwili wake. Ndui ilipoingia mjini mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston akachanja watu zaidi ya 240, na 6 wakafa. Mwanafunzi akiishia hapo, atakataa sindano. Ila walioambukizwa bila kuchanjwa walikuwa karibu 5,900, wakafa 844: takriban 14 katika kila 100, dhidi ya wawili au watatu. Mwanafunzi makini zaidi atauliza kama waliochanjwa hawakuwa na afya bora tangu mwanzo. Huyo apewe kipindi kizima.

Uingereza, tangu hukumu ya Gillick ya 1985, mtoto wa chini ya miaka 16 anayeelewa vizuri anaweza kuridhia tiba mwenyewe. Hoja yake inaweza kukomea kwake. Ya msichana wetu inarudi nyumbani, na mwalimu aliyemfundisha kugawa tu amempeleka mikono mitupu. Bibi hataulizia asilimia. Atauliza, "Mjukuu wangu, huyo nesi wenu, binti yake naye kachanjwa?"