Kesi ya Kalibu: Boti za Faiba za Florida na Wanaozifufua

Mwenye boti kuukuu katika jimbo la Florida, Marekani, akiona imemshinda, siku hizi anaweza kuikabidhi kwa serikali ikavunjwe bila yeye kulipa. Tume ya jimbo hilo inayosimamia samaki na wanyamapori ina mpango wa kupokea vyombo vinavyoelekea kutelekezwa na kuviondoa majini kabla havijazama. Hoja yake inaeleweka. Chombo kilichozama humwaga mafuta na kuziba njia ya wengine, na kukiopoa ni ghali kuliko kukivunja kikiwa bado kinaelea.

Kinachouma ni kwamba mtambo wa kuvunja hauchagui. Mbele yake, boti ya miaka ya 1960 ambayo bodi yake ingali nzima ni taka sawa na taka nyingine. Na Florida si mahali popote tu katika habari hizi. Huko ndiko boti za kasi za faiba zilikokomaa, na huko ndiko ulikozuka ugomvi uliofika mpaka mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani: umbo la boti ni mali ya nani? Historia hiyo inafaa kusimuliwa wakati boti zenyewe bado zipo.

Mwanzo wake ni wa kawaida. Nyuzi za kioo zilianza kutengenezwa kwa wingi katika jimbo la Ohio miaka ya 1930, na mwaka 1938 ikaanzishwa kampuni ya Owens-Corning Fiberglas. Mwaka 1942 Ray Greene, mtengenezaji wa boti wa Toledo katika jimbo hilohilo, aliunda boti ya nyuzi hizo zilizogandishwa kwa rezini ya poliesta. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vidogo vikachipuka kila upande. Mwaka 1958 Dick Fisher akatoa Boston Whaler, kiboti cha futi 13 chenye povu gumu katikati ya ngozi mbili za faiba. Ili kuthibitisha kwamba hakizami, mwaka 1961 alipigwa picha na jarida la Life akikikata kwa msumeno vipande viwili kikiwa majini, kisha akaondoka na kipande cha nyuma kikisukumwa na mashine yake.

Umbo la Whaler lilitokana na kazi ya Ray Hunt, mbunifu wa vyombo kutoka Massachusetts, na Hunt huyohuyo ndiye aliyeleta mageuzi makubwa zaidi. Boti za kasi za wakati ule zilikuwa na kifua chenye ncha, lakini chini zilikuwa bapa kuelekea tezi. Kwenye maji matulivu zilikwenda vizuri. Bahari ikichafuka, ziligonga kila wimbi mpaka nahodha akalazimika kupunguza mwendo asije akavunja chombo na mgongo wake. Hunt aliiendeleza V ya kifuani mpaka mwisho wa boti, kwa mwinamo wa nyuzi 24 hivi kila upande, akaongeza mifuo ya kuinua chombo na kurusha maji pembeni. Mwaka 1958, Dick Bertram, mfanyabiashara wa boti wa Miami, alikuwa Newport kwenye mashindano ya mchujo ya Kombe la Marekani. Huko aliona kiboti cha Hunt kikikata mawimbi kwa kasi ambayo wengine hawakuithubutu. Akaagiza chombo chake mwenyewe cha aina hiyo, cha mbao, akakiita Moppie, jina la utani la mkewe.

Aprili 1960 Moppie iliingia kwenye mashindano ya kutoka Miami hadi Nassau, Bahamas. Siku ile bahari ilichafuka vibaya, mawimbi yakifika futi nane. Bertram alikuwa na Sam Griffith, dereva wa mashindano asiyejua kurudi nyuma, na Carleton Mitchell, bingwa wa mashua za tanga. Walifika Nassau kwa muda wa saa nane, rekodi mpya. Aliyewafuata, Jim Wynne, naye alikuwa kwenye boti yenye V ya Hunt. Wengine waliomaliza walifika kesho yake. Bertram hakuhitaji tangazo jingine. Moppie ya mbao ilitumika kutengenezea kalibu, na mwaka 1961 boti ya kwanza ya Bertram 31, ya faiba tupu, ikaonyeshwa New York. Iliendelea kuundwa kwa zaidi ya miaka 20. Formula, Donzi, Magnum na Cigarette, majina yote yaliyopita mikononi mwa Don Aronow wa Miami, yalijengwa juu ya msingi huohuo wa V.

Ili kuelewa ugomvi uliofuata, ni lazima kwanza kuelewa boti ya faiba inavyozaliwa. Fundi huanza na mfano wa mbao. Huupiga msasa na kuung'arisha mpaka uteleze, maana kila mkwaruzo utajitokeza kwenye boti zote zitakazofuata. Huupaka nta, akaufunika kwa tabaka nene la faiba. Ganda hilo likishakauka na kuvuliwa, ndiyo kalibu. Baada ya hapo mfano umemaliza kazi. Ndani ya kalibu hupakwa nta tena, kisha jelikoti, ile ngozi ya nje yenye rangi na mng'ao, kisha mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa rezini, tabaka juu ya tabaka. Ikiganda, boti huvutwa nje, na kazi huanza upya kwa boti ya pili.

Gharama kubwa iko kwenye mfano: michoro, majaribio na miezi ya kazi ya mikono. Lakini boti yoyote iliyokwisha kuuzwa inaweza kugeuzwa kuwa mfano. Mtu anainunua dukani, anaifunua juu chini, anaipaka nta na kuifunika faiba. Baada ya muda mfupi ana kalibu ya jasho la mwingine.

Kampuni ya Bonito Boats ya Florida ilijikuta katika hali hiyo. Kumbukumbu za kesi yake zinaeleza kwamba ilichora michoro ya kihandisi, ikatengeneza mfano wa mbao ngumu, ikaupulizia faiba kupata kalibu, na Septemba 1976 ikaingiza sokoni boti iliyoitwa 5VBR. Wateja waliipenda na soko likapanuka nje ya jimbo. Bonito haikuomba hataza ya umbo hilo, wala ya namna ya kulitengeneza. Mei 1983 bunge la Florida lilipitisha sheria iliyopiga marufuku kutumia bodi ya boti ya mtu mwingine kama mfano wa kutengenezea kalibu, na kuuza boti zilizopatikana kwa njia hiyo. Desemba 1984 Bonito ikaishtaki Thunder Craft Boats, kampuni ya Tennessee, kwa madai kwamba imeinakili 5VBR kwa njia hiyohiyo. Ilitaka fidia, na amri ya kuizuia Thunder Craft kuendelea.

Mahakama ya mwanzo ilitupa kesi. Mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo, na Mahakama ya Juu ya Florida pia, ingawa majaji wake waligawanyika. Bonito haikukata tamaa, ikapanda mpaka Washington. Tarehe 21 Februari 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa uamuzi kwa kauli moja, ulioandikwa na Jaji Sandra Day O'Connor, na Bonito ikashindwa.

Hoja ya Jaji O'Connor ilikuwa nzito. Hataza ni mapatano kati ya mvumbuzi na umma. Mvumbuzi anaweka wazi kitu kipya, umma unamwachia akimiliki peke yake kwa muda maalumu, na muda ukiisha kinakuwa cha wote. Asiyeomba hataza, au asiyestahili kuipata, akishaweka kitu chake sokoni hawezi tena kuwazuia wengine kukichunguza na kukiiga. Sheria ya Florida ilikuwa ikimpa mwenye boti ulinzi unaofanana na wa hataza, tena usio na kikomo cha miaka, bila yeye kuthibitisha kwamba amevumbua chochote. Jimbo moja haliwezi kutoa kwa mlango wa nyuma kile ambacho sheria ya taifa imekinyima. Mahakama iliongeza kwamba kuruhusu watu kuchunguza na kuiga bidhaa za wenzao kwenyewe huchochea uvumbuzi.

Watengenezaji wa boti hawakuridhika, na si vigumu kuwaelewa. Kuna tofauti kati ya mtu anayesoma umbo la mwenzake, akalipima na kulichora upya kwa akili yake, na yule anayelipaka nta na kuondoka nalo. Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kulinda miundo ya bodi za vyombo vya majini. Umbo jipya likisajiliwa, linalindwa kwa miaka 10. Kwa boti za akina Bertram na Bonito, hata hivyo, ulinzi huo ulikuwa umechelewa. Maumbo yao yalikwisha kuwa ya kila mtu.

Naona hukumu ile ilikuwa sahihi, na ndiyo maana kuvunjwa kwa boti hizi kunanisikitisha zaidi. Mahakama ikishasema umbo ni la umma, hakuna kampuni yenye wajibu wa kulitunza. Viwanda vingi vya wakati ule vimefungwa au kuuzwa. Linalobaki ni bodi yenyewe, na mtu aliyeamua kuinunua badala ya kuiacha ivunjwe.

Mtu huyo huanza kwa kugonga. Anatembea na nyundo ndogo ya plastiki, anagonga sitaha, mihimili ya ndani na ubao wa tezi unaobeba mashine. Mahali pazima panalia kwa ukali. Penye ugonjwa panatoa mlio mzito usio na mwangwi. Faiba ya zamani mara nyingi ni nene na imara, kwa sababu watengenezaji wa mwanzo, wakiwa bado hawajaizoea, waliijaza tabaka nyingi. Kinachooza ni mbao zilizofichwa ndani yake. Tundu moja la skrubu lisilozibwa vizuri huingiza maji tone kwa tone kwa miaka, mpaka plaiwudi iliyo ndani ya tezi inageuka matope meusi ambayo mtu anaweza kuyachota kwa kijiko, na nje jelikoti bado inang'aa.

Tiba yake ni kazi ya vumbi na subira. Fundi hukata ngozi ya ndani kwa grenda, akiwa amevaa barakoa, maana vumbi la kioo si la kuchezea. Hutoa uozo wote, akaacha bodi ikauke, kwa wiki kadhaa ikibidi. Hukata plaiwudi mpya, akaiziba kwa epoksi kila upande na kila tundu, kisha akarudisha ngozi kwa mikeka mipya. Penye ufa, kingo huchongwa kwa mteremko mrefu, kiasi cha mara kumi na mbili ya unene wa faiba, ili kiraka kishike eneo kubwa. Wengi huchagua epoksi kwa sababu poliesta mpya haishiki vizuri juu ya poliesta iliyokauka miaka mingi.

Kifuniko cha sanduku la mashine kikikosekana, hakuna duka la kukinunua. Mwenye boti huazima cha mwenzake mwenye boti ya aina hiyo, anakipaka nta, anakifunika faiba na kupata kalibu. Njia ileile iliyoifanya Bonito ikimbilie mahakamani sasa ndiyo inayoziokoa boti za kizazi chake.

Miaka ya karibuni imekuwa na habari chache. Mwaka 2015 jina la Bertram lilinunuliwa na mwekezaji wa Italia, Beniamino Gavio, na boti mpya ya kwanza aliyoitoa, ya futi 35, ilichorwa kwa kufuata sura ya ile 31 ya kale. Ni ushahidi wa thamani ya mchoro wa Hunt.

Jambo hili linatugusa na sisi. Septemba 2023, huko Kilwa, Rais Samia Suluhu Hassan alikabidhi boti za kisasa kwa wavuvi, na mwambao wote, kuanzia Lamu hadi Mtwara, faiba inazidi kuchukua nafasi ya mbao. Jahazi la mbao lilikuwa na mafundi wake, waliojua kulipiga kalafati na kubadilisha taruma moja bila kuligusa jingine, na ujuzi huo baba alimrithisha mwana. Boti ya faiba haijapata urithi wa namna hiyo. Ikipasuka, mara nyingi inawekewa kiraka cha haraka juu ya unyevunyevu, na uozo unaendelea chini yake.

Boti tunazozipokea leo kwa shangwe zitakuwa kuukuu baada ya miaka 20. Faiba haiozi na ni ngumu kuirejeleza, kwa hiyo tutakuwa ama na mafundi wa kuzifufua, ama na fukwe zilizojaa maganda. Vyuo vyetu vya ufundi na vya uvuvi vinapaswa kufundisha ukarabati wa faiba kwa uzito uleule unaopewa mashine: kusikiliza nyundo, kukausha, kuchonga mteremko, kutengeneza kalibu. Na kila mkopo wa boti mpya uambatane na fungu la matengenezo, kwa sababu Florida imekwisha kuonyesha kwamba jimbo lisilotunza boti zake mwishowe hulipia kuzivunja.