Ingwe: Klabu Iliyolelewa kwa Mchango wa Matanga

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, Waluhya wa Nairobi hawakuwa na shida ya kukosa timu ya kandanda. Walikuwa nazo nyingi kupita kiasi. Wamaragoli walikuwa na yao, Wanyore na yao, Wasamia, Wakisa na Wamarama vilevile. Jumapili ikifika, wana wa magharibi mwa Kenya walipigana vikumbo wao kwa wao.

Nyuma ya timu hizo kulikuwa na vyama, na vyama hivyo havikuundwa kwa ajili ya mpira. Kazi yao ya kwanza ilikuwa msiba. Mtu akifia Nairobi, lazima maiti ifike nyumbani, safari ya zaidi ya kilomita 300, na mshahara wa kibarua wa reli au mpishi haukuweza kuibeba peke yake. Kwa hiyo watu wa mitaa ya Makongeni, Kaloleni na Maringo walichangishana. Waliokuwa wamezoea kutoa senti kwa ajili ya jeneza hawakuona ajabu kutoa nyingine kwa ajili ya jezi na viatu. Ukitaka kuelewa kwa nini Ingwe, klabu iliyozaliwa na timu hizo, imenusurika mambo ambayo yameua klabu tajiri, anzia hapo kwenye daftari la matanga.

Mwaka 1964 timu hizo ziliunganishwa, ikazaliwa Abaluhya. Majirani zao Waluo walikuwa tayari na Luo Union, nayo ikatwaa ligi ya taifa mwaka huohuo. Abaluhya haikukawia kujibu: ilikuwa bingwa 1966 na tena 1967. Mwaka 1968 Waluo wakaunda Gor Mahia, ikabeba kombe katika msimu wake wa kwanza. Tangu hapo Nairobi ikawa na pambano ambalo leo linaitwa Debi ya Mashemeji, kwa kuwa jamii hizo mbili zimeoana kwa vizazi vingi na hazijaacha kutaniana.

Klabu huzaliwa kwa njia mbalimbali. Kule Lubumbashi, TP Mazembe ilianzishwa na watawa wa Kibenedikto mwaka 1939. Kisangani kuna AS Makiso, yenye jina la komini iliyo katikati ya mji. Nairobi, mhimili ulikuwa kabila. Msomaji anaweza kukunja uso akisikia hivyo, na mimi pia sipendi kabila liingizwe kila mahali. Lakini katika mji ambao Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia, chama cha watu wa kwenu ndicho kilichokuwa benki, hospitali na ukumbi wa starehe. Kudai timu iwe na mhimili mwingine ni kusahau mji wenyewe ulivyokuwa.

Nyota wa kwanza alikuwa Joe Kadenge, aliyewahi kuichezea Maragoli United. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alimtaja redioni mara nyingi mno, hata maneno "Kadenge na mpira" yakabaki vinywani mwa Wakenya ambao hawakuwahi kumwona akicheza. Kadenge alifariki Julai 2019, na Mbotela akamfuata Februari 2025.

Wachezaji wa enzi hizo hawakuwa wa kulipwa kwa maana ya leo. Asubuhi walikuwa kazini, jioni mazoezini, na baada ya mechi kulikuwa na posho kidogo kama viingilio vilitosha. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mshambuliaji Joe Masiga, wa miaka ya 1980. Alikuwa daktari wa meno, na mbali na kandanda alicheza pia raga. Hebu fikiria beki wa kati ambaye Jumamosi amemkaba daktari huyo kwa viwiko, halafu Jumatatu jino linamuuma.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Daniel arap Moi ilipiga vita vyama vya kikabila, na majina ya klabu yakaingia katika msukosuko huo. Luo Union ikageuka Re-Union. Gor Mahia ilisalimika kwa sababu jina lake lilikuwa la mganga mashuhuri wa zamani, si la kabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Kwa Kiluhya chui ni ingwe, na hilo ndilo jina ambalo mashabiki walilishika hadi leo.

Wengi walidhani klabu ingekufa pamoja na jina. Kinyume chake, ikaingia katika miaka yake minono. Ilitwaa ligi mara tatu mfululizo, 1980, 1981 na 1982. Kombe la klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati, ililokuwa imelichukua 1979 ikiitwa bado Abaluhya, ikalibeba tena 1982, 1983 na 1984. Langoni alisimama Mahmoud Abbas, kijana wa Mombasa aliyeitwa "Kenya One", ambaye alikuwa pia kipa wa timu ya taifa, Harambee Stars, iliyoshinda Kombe la Chalenji miaka mitatu mfululizo, 1981 hadi 1983. Kipa wa Pwani akawa kipenzi cha watu wa magharibi, na ngoma za isukuti zilipigwa kwa ajili yake City Stadium kama anavyopigiwa mwana wa kuzaliwa.

Kuporomoka hakukuja kwa siku moja. Timu za kampuni, Kenya Breweries mbele yao, ziliweza kumpa mchezaji kazi na mshahara kwa mkupuo. Televisheni ikaleta ligi ya Uingereza hadi kwenye baa za mitaani. Ndani ya klabu, kila uchaguzi ulizaa kambi mbili. Leopards ilishinda ligi 1998, haijaishinda tena tangu hapo, na katika miaka ya 2000 ikaonja aibu ya kushuka daraja kabla ya kurejea. Mwaka 2017 ilinyakua kombe la GOtv Shield kwa kuichapa Kariobangi Sharks. Miaka miwili baadaye SportPesa, kampuni ya kamari iliyokuwa ikiifadhili pamoja na Gor Mahia, ilijiondoa baada ya kuvutana na serikali kuhusu kodi na leseni.

Wakosoaji husema dawa ni kuiuza kwa tajiri mmoja. Sikubaliani nao. Tajiri huondoka kama mfadhili anavyoondoka. Katika daftari la matanga, wazee wa Kaloleni waliandika jina la kila aliyetoa na kiasi alichotoa, na aliyeshika fedha alizijibia mbele ya wote. Wewe unayevaa jezi ya buluu na nyeupe na kupuliza vuvuzela kila wikendi: jiandikishe uanachama, lipa ada yako, kisha siku ya mkutano mkuu nenda ukaulize hesabu.