Njia ya Bumbuli hadi Vuga

Ukipanda Usambara kwa pikipiki kutoka Mombo, lami inakufikisha Soni bila taabu, ila kona zake zinataka adabu. Soni njia zinaachana. Magari mengi yanaendelea Lushoto, lakini anayetafuta habari za Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, hana haja ya kwenda huko. Lushoto ilikuzwa na Wajerumani, wakaiita Wilhelmsthal, wakaweka ofisi zao. Enzi ya Wakilindi ilikuwa Vuga, na mlango wake ulikuwa Bumbuli. Mrithi wa kiti alitawala Bumbuli kwanza. Mfalme alipofariki Vuga, ndipo mrithi akachukuliwa usiku, akapita mabonde na vilima hadi mji mkuu, na kulipokucha Wasambaa wakampokea kwa jina la Simba Mwene.

Desturi hiyo ina asili yake kwa Mbegha, mwanzilishi wa ukoo huo. Wazee wanasema alikuwa mwindaji wa Nguu, na kwamba alizaliwa kigego: meno ya juu yalitangulia ya chini, na mtoto wa namna hiyo alihesabiwa mkosi kwa ukoo. Aliponea kuuawa utotoni, lakini ndugu zake hawakumtaka, wala urithi hawakumpa. Akahamia Kilindi, akawa rafiki wa mtoto wa mkubwa wa huko. Wakaenda kuwinda nguruwe pamoja, kijana akauawa na nguruwe. Mbegha hakungoja kuulizwa. Akachukua mbwa wake, akatokomea porini, na jina la Kilindi likamfuata mpaka likawa jina la ukoo.

Usambara ilikuwa nchi ya wakulima walioshindwa na nguruwe mwitu. Mbegha aliwaua, akagawa nyama, naye akapewa chakula cha shambani. Bumbuli wakampa mke, na mtoto wa mke huyo, Buge, ndiye aliyerithi Vuga baada ya baba yake. Kwa hiyo Bumbuli ni kwa wajomba wa ufalme. Vuga nao wakamwita Mbegha awe mkubwa wao, na katika safari hiyo ndipo kinapoingia kisa cha simba aliyeuawa usiku, na ngozi yake iliyowafanya watu waone asubuhi kwamba huyu si mgeni wa kawaida. Mimi naona nyama ilifanya kazi kubwa kuliko simba. Mtu anayekuja na mbwa na mkuki, kisha akagawa bila kubagua koo, anakuwa mwamuzi wa wasioaminiana kabla hajaitwa mfalme. Simba alihitajika kwa ajili ya kusimuliwa.

Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy aliyaweka haya kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa mwaka 1895. Anayekisoma kisha akapita njia hizi ataelewa kwa nini safari za humo ni ndefu hivyo: kijiji unachokiona ng'ambo ya bonde, karibu kabisa, kinataka ushuke mpaka mtoni na kupanda tena. Pikipiki haifuti hilo. Inashuka kwa gia ya kwanza, breki ya mbele unaiogopa kwenye udongo mwekundu uliolowa, na mvua ikikukuta unasimama chini ya upenu wa duka kama mtu yeyote aendaye kwa miguu. Papo hapo mazungumzo yanaanza. Mwenye gari hufunga kioo.

Kilele cha Vuga kilikuwa zama za Kimweri ye Nyumbai. Mmisionari Ludwig Krapf alimkuta huko mwaka 1848, akarudi 1852. Wavumbuzi Burton na Speke walifika 1857. Kimweri alishika mvua kwa imani ya watu wake, na amri yake ilisikika hadi karibu na pwani, ambako Sultani wa Unguja naye alikuwa na sauti. Kiti kilikuwa juu mlimani, na waliotaka jambo walipanda.

Mwanawe Semboja aligeuza mambo. Yeye alikaa Mazinde, chini kwenye nyika, misafara ya biashara ilikopita. Bunduki na baruti zilifika Mazinde kabla ya kufika Vuga. Kimweri alipokufa mwaka 1862, kiti kilikwenda kwa mjukuu wake Shekulwavu, aliyetoka Bumbuli kama desturi ilivyotaka. Semboja hakukubali. Alileta wapiganaji, Vuga ikavamiwa na kuporwa, Wabondei wakaasi, na watu wengi wakauzwa utumwani na watawala wao wenyewe waliokuwa wakigombea madaraka. Hapo masimulizi ya Mbegha yanakuwa machungu: ukoo ulioanza kwa kugawa nyama ukaishia kuuza wenye nchi.

Wajerumani walijenga reli kupitia Mombo, chini kule kule alikokuchagua Semboja. Vuga ikabaki kijiji. Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika ikafuta utawala wa machifu.

Leo njia ya wajomba ni ya bodaboda. Vijana wa kijiweni Soni wanaijua kila kona na kila korongo, na kila siku wana hesabu ya kumpelekea tajiri. Wanapakia mishikaki ya wanafunzi, magunia ya mboga, wagonjwa wa hospitali ya Bumbuli. Ukiwauliza habari za Mbegha, wengi wanakupeleka kwa babu fulani. Babu naye anakijua kisa chote, lakini miguu haimpeleki tena kwenye sehemu anazozitaja, kwa hiyo mpakie nyuma, mpe kofia ngumu, mwende taratibu.