Waya Uliotangulia Reli: Kasongo na Kabambare

Neno simu tumelirithi kwa Waajemi, na kwao sim ni waya tu. Basi Kabambare, mashariki mwa Kongo, ilikuwa na waya wake tangu zamani: masango ya shaba, yaliyopanda kutoka pwani mabegani mwa wapagazi pamoja na shanga na merikani, yakakatwa vipande kununulia chakula na pembe. Waya uliokuja mwishoni mwa karne ya 19, wa telegrafu, haukuwa wa kuuzwa. Huo uliangikwa juu, ukaachwa upite.

Aliyetumwa kuutandaza ni Mmarekani, Richard Dorsey Mohun, ambaye kabla ya hapo alikuwa konsuli wa nchi yake Unguja. Huko Kasongo, mji jirani wa Kabambare, hakuwa mgeni. Alikuwa amefika wakati wa vita vya Wabelgiji na Waarabu, baada ya kamanda wa Wabelgiji, Dhanis, kuuteka mji Aprili 1893. Mwaka 1898 dola ya Kongo ya Mfalme Leopold ikampa msafara wa simu. Kazi ilianzia Mtowa, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ikashika njia ya Kabambare kwenda Kasongo. Yaani ile ile njia ya misafara ya mfanyabiashara wa pembe, Tippu Tip: palipopita pembe kwenda pwani, sasa pakapita nguzo kuja bara.

Kwa nini hapo? Mwezi Novemba 1898 askari waasi wa Kitetela waliichukua Kabambare yenyewe, na habari ya namna hiyo ilisafiri kwa miguu. Kwa maoni yangu, waya huu ulikuwa wa bunduki kabla ya kuwa wa biashara. 

Biashara ilikuja na reli. Tarehe 4 Januari 1902 iliundwa kampuni ya reli ya CFL, chini ya tajiri Empain. Dola iliidhaminia faida ya asilimia 4 na kuiahidi hekta milioni 4 za ardhi. (Wenye ardhi hawakuulizwa, bila shaka.) Reli ya Kindu hadi Kongolo, kilomita 355, ilikamilika mwishoni mwa 1910.

Na reli za siku hizo hazikuenda bila waya. Njia ilikuwa moja tu, ya kwenda na ya kurudi. Mkuu wa stesheni hakuthubutu kuliachia gari moshi mpaka mwenzake wa mbele agonge nukta na vistari kumwambia njia ni nyeupe. Ndiyo maana katika vitabu vya kampuni za reli simu haikuwa na fahari yoyote: nguzo, vikombe vya kaure, betri na mshahara wa karani vilikuwamo kwenye hesabu pamoja na mataruma na mafuta ya grisi. Mchwa alipokula nguzo, ilikuwa gharama ya njia.

Lakini reli ile ilipita magharibi ya Lualaba. Kasongo iko mashariki, na Kabambare mbali zaidi, kuelekea ziwa. Kati ya 1911 na 1913 serikali ilipojenga vituo vya simu ya upepo, isiyo na waya, milingoti ilisimamishwa Kindu na Kongolo, penye stesheni. Kasongo, iliyofikiwa na waya karibu miaka 10 kabla ya reli hiyo kukamilika, ikawa ng'ambo.