Daftari, penseli na maji kupwa: namna nilivyoanza kuchora mazingira ya Pwani

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiuita "mkoko" kila mti unaoota kwenye matope ya bahari. Nilijua kosa langu siku niliyoketi na daftari huko Gazi, Kwale, kwenye daraja la mbao linaloendeshwa na kina mama wa kijiji. Nilikuwa nimeshachora shina na majani, nikaandika chini "mkoko". Mzee mmoja mvuvi akachungulia, akasema, "Mwanangu, huo ni mchu. Mizizi yake umeiacha wapi?"

Mizizi sikuichora kwa sababu sikuiangalia. Mchu hutoa vijizizi vinavyosimama wima juu ya tope kama penseli, ili upate hewa. Ukilamba jani lake utaonja chumvi. Mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, na mbegu yake huchipua ingali mtini, ikaning'inia kama kijiti kirefu cha kijani. Mlilana hupenda kuwa mbele, karibu na bahari, na vijizizi vyake ni vinene chini na vimechongoka juu. Kenya ina aina 9 za miti hii.

Basi daftari la mazingira si la picha za kutundika ukutani. Linakulazimisha kuangalia. Vifaa ni vichache: daftari lisilo na mistari, penseli ya HB na kibao cha kuegemeza. Kalamu ya wino niliibeba mara moja tu. Maji yalirukia ukurasa na mchana mzima ukageuka doa la buluu. Kifutio kiache nyumbani, maana anayeanza hufuta zaidi ya anavyochora.

Anza na jani moja. Fuata ukingo wake kwa macho huku mkono ukichora, bila kutazama karatasi. Litatoka limepinda, usijali. Kwa zoezi hilo mkono hujifunza kufuata jicho. Kisha lichore tena ukitazama, ulipime kwa wanda au shubiri, uandike kipimo pembeni. Maneno na hesabu vina kazi sawa na mistari. Mwalimu Mmarekani John Muir Laws, aliyeandika kitabu cha fani hii mwaka 2016, hufundisha wanafunzi waandike mambo matatu: ninachokiona, ninachojiuliza, na kinachonikumbusha nini. Mimi niliandika: kaa dume ana gando moja kubwa, je, analitumiaje kula? Siku nyingine nikakaa kimya nikimtazama, nikaona anakula kwa lile dogo, lile kubwa akilipunga hewani.

Kuna wenzetu wanaoona uzito kuchora viumbe wenye roho. Hao hawakosi kazi: miti, majani, makombe, mawingu na mistari ya mchanga vyatosha kujaza madaftari. Kaa na ndege waweza kuwaeleza kwa maneno.

Juu ya kila ukurasa andika tarehe, saa, mahali, hali ya upepo na maji. Hapa sisi tuna faida, kwani ukiongeza tarehe ya mwezi wa Kiislamu, umeandika na habari za maji. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya Mombasa hupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na kufikia saa kumi jioni yamejaa. Kila siku inayofuata huchelewa kwa takriban dakika 50. Asiyezingatia hayo atarudi pwani akiwa na daftari kichwani, kama nilivyorudi mimi.

Nikimaliza kuchora, humuuliza mtu jina la nilichokichora. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi. Mwezi uliopita nilikuwa na mchoro wa mti wenye majani manene, ncha ya kila jani imebonyea katikati. Vijana watatu waliokuwa wakitengeneza nyavu wote waliniambia, "Huo ni mkoko tu." Bibi mmoja aliyekuwa akipita na kuni aliutazama mara moja, akasema ni kikandaa, akaendelea na safari yake. Nimeliandika jina hilo, na wale vijana nimewaonyesha.