Mkate Kabla ya Jembe

Tumezoea kufunzwa kwamba mkulima alitangulia na mkate ukamfuata: kwanza shamba, kisha mavuno, mwisho mkate. Majivu ya Shubayqa, katika jangwa la mawe meusi kaskazini-mashariki ya Yordani, yanakanusha mafunzo hayo. Wachimbuzi walikuta katika meko ya kale vipande 24 vya chakula kilichoungua, mabaki ya mkate bapa. Habari zake zilichapishwa mwaka 2018. Umri wake ni miaka ipatayo 14,400, nacho kilimo katika nchi zile kilianza karibu miaka 4,000 baadaye.

Wenye meko hayo walikuwa Wanatufi, watu wa kuwinda na kuchuma. Hawakuwa na chungu wala tanuri. Walikusanya ngano ya mwitu na mizizi ya majani ya jamii ya ndago, wakatwanga, wakapepeta, wakasaga, wakakanda unga kwa maji. Kisha, yamkini, wakakifukia kinyunya katika majivu ya moto, kama wafanyavyo Mabedui hata leo.

Kazi hiyo yote kwa kipande cha mkate! Aliyetaka kushiba tu angalishiba kwa jasho dogo zaidi. Kwa hiyo wapo wataalamu wadhanio kwamba mkate ulikuwa chakula cha heshima, na kwamba hamu yake iliwavuta watu kupanda punje walizokuwa wakiziokota. Dhana hiyo haijathibitika. Lakini utaratibu wa zamani umekwisha pinduka. Jembe halikuuzaa mkate. Huenda mkate ndio uliolizaa jembe.