Steringi, Jabari au Jagina?

Kwenye baraza moja ya Gando, Wilaya ya Wete, kisiwani Pemba, vijana wanne walikuwa wameinamia simu yenye kioo kilichopasuka. Walikuwa wakisoma hadithi ya picha ya Wolverine, yule jamaa anayechomoza makucha matatu ya chuma katika kila mkono. "Yakhe, huyu ana magando!" akasema mmoja, na wote wakaangua kicheko, kwani gando ni ule mkono wa kaa unaobana, na kwao ni Gando. Kisha wakahamia kwa mchoraji: mbona mikono ameinenepesha kama magogo ya mwembe, na uso kauacha kizani?

Mimi sikio langu lilikuwa kwenye jina walilompa. Walimwita steringi.

Neno hili tulilipata kwenye sinema, na linataja nafasi ya mtu katika hadithi: steringi ndiye tunayemfuata, na ndiye hafi. Halisemi kitu juu ya nguvu zake. Lance Spearman, mpelelezi wa majarida ya picha yaliyosomwa sana Afrika Mashariki miaka ya 1960 na 1970, alikuwa steringi bila nguvu zozote za ajabu. Superman, kwenye jalada la 1938 lililomtambulisha, ameinua gari zima juu ya kichwa. Huyu wa pili, anayeitwa "superhero" kwa Kiingereza, ndiye tunayemtafutia jina la Kiswahili.

Wengi hukimbilia "shujaa". Lakini ushujaa ni moyo, na mtu asiye na nguvu zozote anaweza kuwa nao. Jarida la Shujaaz, lililoanza Kenya mwaka 2010, lilielewa hivyo: Boyie wake ni kijana wa mtaani mwenye redio ya kujitengenezea.

Nikawapa vijana "jabari". Lina kishindo, na hata kampuni ya Marvel imeliazima kuliita kabila la milimani la Wakanda, nchi yake ya kubuni. Mzee aliyekuwa pembeni akichambua karafuu hakuinua kichwa.

"Jabari ni Mmoja, mwanangu."

Nilinyamaza. Al-Jabbar ni katika majina 99 ya Mwenyezi Mungu, na nilipaswa kulikumbuka hilo kabla ya kufungua mdomo Pemba. Nikatupa jicho kwingine: muujiza ni wa mitume, karama ni za mawalii. Karibu kila neno letu la nguvu zipitazo za binadamu lina mwenyewe.

Limebaki "jagina", wingi majagina. Kamusi hulieleza kuwa mtu hodari, jasiri, na halina mwenyewe msikitini. Kasoro yake ni watangazaji wa mpira wa Kenya, ambao wamekwisha kuwavika wachezaji wakongwe jina hilo. Hata hivyo mimi ningelichukua: "jagina wa nguvu za ajabu" pale linapotajwa mara ya kwanza, kisha "jagina" peke yake.

Ili kulijaribu neno hilo kwa vijana, nikawasimulia Fumo Liyongo, jitu la pwani lisilodhurika kwa mkuki wala mshale, hadi mwanawe mwenyewe alipomchoma kitovuni kwa sindano ya shaba. Hata baada ya kufa, alibaki amepiga goti penye kisima, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji.

Kijana mwenye simu akakizima kioo.

"Sasa huyo steringi," akauliza, "nani kamchora?"